Mshale Wasema 60, Njia Yasema 80

Mtu akiutaja mji wa Lamu mbele ya wageni, neno "gari" silo la kwanza kuwajia akilini. Watafikiria punda, milango ya nakshi, majahazi yaliyotia nanga, na vichochoro ambamo watu wawili wakikutana sharti mmoja ajibane ukutani mwenziwe apite. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka 2001, na vichochoro hivyo ni sehemu ya urithi huo. Humo punda ndiye lori, ndiye teksi. Lakini visiwa vya Lamu vina bara yake. Ukivuka kwa mashua hadi Mokowe, unashuka gatini na kukuta mabasi, pikipiki na magari ya kila umri, na mbele yake barabara iendayo Hindi, Witu na Garsen, kisha Malindi na Mombasa.

Kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika, na mwenye gari aliyeitumia alihitaji nguvu kuliko mbio. Mambo yamebadilika. Lami imetandazwa, na gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Barabara ikibadilika, magari nayo hubadilishwa ili yaendane nayo. Ni juu ya badiliko mojawapo la aina hiyo, dogo kwa umbo lakini kubwa kwa madhara yake, nitakalo kuzungumza na walimu na wanafunzi katika makala haya.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si fundi wa magari. Nilikwenda Lamu kukusanya msamiati wa Kiamu, na siku moja ilinibidi niende Witu kumwona mzee mmoja aliyesifiwa kwa ujuzi wake wa maneno ya kale. Nikakodi Land Rover kuukuu ya Series III, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Dereva wake alikuwa mtu mzima aliyenizidi umri, mpole wa maneno, nami nikamwita ami kama desturi ya pwani inavyotaka. Nilifuatana na mwanafunzi wangu mmoja, ambaye simu yake ilikuwa na programu ya kupima mwendo kwa msaada wa setilaiti.

Tulipokwisha kuipita Hindi, mwanafunzi alinigusa bega. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "simu yaonyesha 80." Niliutazama mshale wa spidomita mbele ya dereva. Ulikuwa umetulia tuli juu ya 60.

"Ami," nikauliza, "twaenda mwendo gani?"

"Sitini, mwalimu. Mimi sizidishi. Tangu ndia kuwa ndema sijapata kuzidisha."

Alipoambiwa habari ya simu alicheka. Simu, alisema, ni kitu cha kuzungumzia. Gari lina mshale wake, na mshale huo amekuwa nao miaka mingi. Kisha, kwa kutaka kutuonyesha kwamba lami ni neema, akaongeza mambo mawili ambayo hakujua kuwa yanatoa ushahidi dhidi ya mshale wake. La kwanza, waliotengeneza barabara wameinyosha sana, kwani siku hizi mita ya kilomita yaonyesha kwamba safari ya Witu imepungua kwa karibu robo nzima. La pili, gari limeanza kunywa mafuta. Zamani lita moja ilimpeleka kilomita kadha wa kadha. Sasa, akigawanya kilomita kwa lita, anapata pungufu. Alikuwa akiwashuku wauzaji wa mafuta.

Barabara haikufupika kwa robo, wala gari halikuanza kunywa mafuta. Mambo yote matatu, yaani mshale, safari iliyofupika na mafuta yaliyoonekana kupungua, yalikuwa na chanzo kimoja. Dereva mwenyewe alitutajia chanzo hicho bila kukijua. Mwaka uliotangulia, alisema, difu ya zamani ilivunjika meno. Mwenye gari akaona asitengeneze ile ile. Akaleta kutoka Mombasa difu mbili zilizotolewa katika Range Rover, ya mbele na ya nyuma, na tangu hapo gari limekuwa jepesi, injini hailii tena kama zamani.

Ili tuelewane, tuanze na difu yenyewe. Ni lile bonge la chuma lililo katikati ya mhimili wa magurudumu. Ndani yake mna gia mbili: pinioni, ambayo ni ndogo na huzungushwa na propela shafti itokayo kwenye giaboksi, na kraunwili, ambayo ni kubwa na huyazungusha magurudumu. Chukua mfano wa pinioni yenye meno 10 na kraunwili yenye meno 47. Shafti itazunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Huo ndio uwiano wa difu, na 4.7 ndio uwiano wa kawaida wa Land Rover za Series III. Difu za Range Rover, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1970, zina uwiano wa 3.54. Bonge la difu hiyo huingia katika mhimili wa Land Rover kuukuu bila taabu kubwa, na kwa sababu hiyo wenye magari hayo katika nchi nyingi wamelifanya badiliko hili.

Hapa mwanafunzi aangalie jambo moja linalowakanganya wengi. Namba kubwa ndiyo difu ya nguvu. Namba ndogo ndiyo difu ya mbio. Katika difu ya 4.7 injini huzunguka sana kwa kila hatua ya gurudumu, kwa hiyo husukuma kwa nguvu lakini huchoka mapema. Katika ile ya 3.54 injini huzunguka kidogo, gari likaenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, ila msukumo hupungua.

Sasa tuje kwenye mshale. Wengi wetu hudhani kwamba spidomita hupima barabara. Haipimi barabara. Katika gari kama lile, waya mrefu unaozunguka ndani ya mfereji wake hutoka nyuma ya giaboksi, mahali ambapo propela shafti inaanzia, ukaja hadi dashibodi. Huko huzungusha sumaku ndogo iliyo ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe. Mzunguko wake huzalisha umeme mdogo ndani ya alumini, na umeme huo hukivuta kikombe kufuata sumaku. Kamani nyembamba hukizuia kisizunguke moja kwa moja, na mshale uliofungwa kwenye kikombe hupanda kadiri sumaku inavyokwenda kasi. Ubunifu huo ulipewa hataza mwaka 1902 kwa jina la Mjerumani Otto Schulze, na ulitumika katika magari ya dunia nzima kwa karibu karne moja.

Angalia basi spidomita inajua nini. Inajua mizunguko ya shafti, basi. Kuwa mizunguko kadha ni sawa na kilomita kadha ni jambo lililoamuliwa kiwandani na kuchorwa juu ya uso wa saa ile, kwa kutegemea kwamba difu ina uwiano fulani na tairi ina kimo fulani. Namba 60 iliyochapwa pale ni mapatano baina ya meno, tairi na mchoraji.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mfano wa karibu. Saa ya ukutani ikionyesha 8 asubuhi, sisi twasema ni saa mbili. Hakuna anayechelewa kazini kwa ajili hiyo, kwa sababu sote tunayajua mapatano: mshale wa saa hautaji saa, sisi ndio tunaoutajia. Mgeni asiyepewa mapatano hayo, akiambiwa aje saa mbili, atakuja baada ya chakula cha mchana. Difu ya gari lile ilipobadilishwa, mapatano yalibadilika, lakini aliyeketi mbele ya mshale hakuambiwa. Akabaki kama mgeni yule. Tena tofauti ya saa ni ile ile daima, yaani sita, hali tofauti ya spidomita hukua kadiri mwendo unavyokua.

Tufanye hesabu, kwani imo ndani ya uwezo wa mwanafunzi yeyote aliyefundishwa uwiano. Tairi ya Land Rover yenye kipimo cha 7.50-16 huwa na mzingo wa karibu mita mbili na nusu, kwa hiyo huzunguka mara 400 hivi kwa kilomita. Kwa difu ya 4.7, shafti itazunguka mara 400 zidisha kwa 4.7, yaani 1,880, katika kila kilomita. Spidomita imefundishwa hivyo: ikihesabu 1,880, iandike kilomita moja. Kwa difu ya 3.54 shafti huzunguka mara 1,416 tu katika kilomita ile ile. Spidomita ikigawanya 1,416 kwa 1,880 hupata 0.75, na huandika robo tatu ya kilomita. Ukitaka kuujua mwendo wa kweli, zidisha unachokisoma kwa 4.7 kisha ugawanye kwa 3.54, yaani ukiongeze kwa theluthi moja. Penye 38 pana 50. Penye 45 pana 60. Penye 60 pana 80. Penye 80 pana 106.

Kwa hesabu hiyo hiyo fumbo la dereva wetu lafumbuka. Safari ilifupika kwa robo katika mita kwa sababu mita iliandika robo tatu. Mafuta yalionekana kupungua kwa sababu aligawanya kilomita pungufu kwa lita kamili. Mtu aliyekwenda kilomita 12 kwa lita aliandikiwa 9. Aidha, ratiba ya matengenezo ilimpotea: aliyengoja mita iandike kilomita 5,000 ndipo abadilishe oili alikuwa amekwenda zaidi ya 6,600. Na mwenye gari la kukodisha anayetoza kwa kilomita hupoteza robo ya malipo yake kila siku bila mwizi yeyote kumwibia.

Je, badiliko lenyewe lilikuwa baya? Kwa haki, hapana. Land Rover ile ikienda 80 kwa difu ya 4.7, injini yake huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Kwa difu ya 3.54 huzunguka karibu mara 2,170. Kwa injini ya zamani hiyo ni nafuu kubwa: makelele hupungua, joto hupungua, na kwenye lami tambarare isiyo na upepo mkali mafuta huweza kupungua kweli. Ndiyo sababu dereva wetu alilisifu gari kwa wepesi.

Lakini kila faida ina gharama yake. Msukumo wa magurudumu umepungua kwa robo katika kila gia, ya kwanza hadi ya mwisho. Toka kwenye lami uingie njia ya mchanga, au njia ya matope ya masika, ukiwa umepakia abiria na magunia, utaiona robo hiyo. Dereva atalazimika kushika gia ya chini mapema, atailegeza klachi muda mrefu wakati wa kuondoka, na klachi itaungua. Wala asidhani kwamba gari limepata mbio za theluthi zaidi. Mwisho wa mbio za gari huamuliwa na uwezo wa injini kushindana na upepo na uzito. Injini dhaifu ikipewa difu ya mbio huweza kushindwa hata kuivuta gia ya juu, na gari likaenda vizuri zaidi katika gia ya tatu. Na kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, difu ya mbele na ya nyuma sharti ziwe na uwiano mmoja. Zikihitilafiana, mbele kunataka kwenda hivi na nyuma vile, shafti hupindana, na mwisho wake ni chuma kuvunjika.

Ubaya mkubwa, hata hivyo, haumo katika difu bali katika kunyamaza kwa walioibadilisha. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Dereva anayeutii mshale na kupita Hindi au Witu penye 50 anapita kwa 66, naye moyoni ni mtiifu wa sheria. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 wakati wa Waziri John Michuki, zikaanza kutekelezwa Februari 2004, ziliyataka magari ya abiria yawe na vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80. Ikiwa kidhibiti kinapata habari zake kutoka shafti ile ile, na difu imebadilishwa bila kidhibiti kurekebishwa, basi kitaruhusu 106 na kuiita 80. Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita yasema jambo la busara sana: mshale waweza kuzidisha kidogo, lakini kamwe usionyeshe pungufu ya mwendo wa kweli. Walioiandika walijua kwamba kosa la kuzidisha humchelewesha mtu, na kosa la kupunguza huweza kumuua.

Tena mwendo ukizidi kwa theluthi, hatari haizidi kwa theluthi. Nishati ya gari hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Gari linalohitaji mita 20 za breki kusimama kutoka 60 litahitaji karibu mita 36 kutoka 80. Dereva anayedhani yuko 60 ameacha nafasi ya mita 20 baina yake na mtoto anayevuka. Hizo mita 16 zilizobaki hakuna wa kuzilipa ila mtoto huyo.

Tuliporudi Mokowe, dereva, ambaye sasa hakucheka, alitupeleka kwa fundi mmoja chini ya mwembe. Fundi hakuhitaji simu. Aliyazuia magurudumu kwa mawe, akaiweka gia huru, akaiachia breki ya mkono, kwa kuwa katika Land Rover hiyo breki ya mkono huishika shafti. Kisha akainua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, akatia alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela shafti. Akaliambia gurudumu lizunguke mara mbili kamili, nasi tukahesabu shafti: moja, mbili, tatu, na nusu ya nne na kidogo. Mwanafunzi akauliza kwa nini gurudumu lizungushwe mara mbili. Fundi akajibu kwamba difu huligawa zungusho baina ya magurudumu mawili. Moja likishikwa na ardhi, lililo juu huzunguka maradufu. Nimesikia mihadhara mingi chuoni isiyokuwa na uwazi wa jibu lile.

Dawa zipo. Katika magari mengi, gia ndogo inayoendesha waya wa spidomita yaweza kubadilishwa kwa nyingine yenye idadi tofauti ya meno. Kikisanduku cha gia chaweza kufungwa katikati ya waya ili kurudisha hesabu iliyopotea. Spidomita yaweza kupelekwa kwa mtaalamu airekebishe, au iletwe iliyotoka katika gari lenye uwiano ule mpya. Katika magari ya umeme mwingi, chombo kidogo cha elektroniki hufanya kazi hiyo. Na katika yale ambayo mwendo husomwa kwenye magurudumu yenyewe, badiliko la difu haliudanganyi mshale. Hapo la kuchunga ni tairi, kwani tairi ndefu kuliko ya kiwandani huupunguza usomaji na fupi huuzidisha.

Dereva wetu hakuwa na fedha za dawa hizo siku ile. Fundi akachukua rangi nyeupe na kijiti, akaandika kwenye dashibodi, chini ya kioo cha spidomita: 38 ni 50, 45 ni 60, 60 ni 80. Ami akaisoma mara mbili, akauliza kama rangi hiyo yavumilia jua.

Nawaomba walimu wa hisabati na fizikia watakaoyasoma haya wayapeleke darasani. Tafuteni barabara yenye nguzo za kilomita na dereva mwaminifu, mkae na saa ya mkononi. Mshale ukisema 60 na ukatulia, kilomita moja iishe kwa sekunde 60. Ukisema 80, iishe kwa sekunde 45. Gawanyeni 3,600 kwa sekunde mlizozihesabu, mtapata mwendo wa kweli. Atakayepata kilomita nzima kwa sekunde 45 hali mshale wasema 60, asibishane na dereva. Amuulize tu kwa adabu: ami, difu hii ilibadilishwa lini?